Hayo Mafuta Unayoyaona Chooni Si ya Tumbo Lako

Wacha niseme mapema, ndiyo wenye haraka wasipitwe: yale mafuta ya rangi ya machungwa yanayoelea chooni baada ya wewe kumeza vidonge vya kupunguza mwili hayajatoka kwa kitambi chako. Ni chipsi za jana. Ni samosa, ni mbuzi wa kukaanga, ni mafuta yaliyoingia juu yakatokea chini bila mwili kuyagusa. Aliyekwambia "ona, mafuta ya tumbo yameanza kutoka" alikudanganya, na alikudanganya akiwa ameshapokea pesa yako.

Nimechoka na hizo video jameni. Unafungua simu usiku upumzike, unakutana na msichana amevuta suruali yake ya zamani mbele ya tumbo kuonyesha nafasi iliyobaki, chini kuna nambari ya WhatsApp, na jina la dawa halipo popote. Komenti ni zile zile: "Bei?" "Mnatuma Embu?" Wanatuma. Wanatuma mpaka hapa kwetu Gachoka. Mzigo unapandishwa matatu ya Kiritiri, unauchukua stejini, unafungua unakuta kapsuli thelathini ndani ya kimfuko cha nailoni. Hakuna boksi, hakuna karatasi ya maelezo, hakuna tarehe ya kuharibika. Ukiuliza unaambiwa, "Meza moja kila ukikula, mami, utaona maajabu."

Na maajabu utayaona kweli.

Vidonge vya kuzuia mafuta vina jina. Dawa inaitwa orlistati. Kwa jina la Xenical ilipitishwa Marekani mwaka 1999, kapsuli ya miligramu 120, ya kuandikiwa na daktari. Mwaka 2007 ikaja Alli, nusu ya nguvu hiyo, miligramu 60, ya kununua bila karatasi ya daktari. Kazi yake ni moja. Mwilini una vimeng'enya vinavyoitwa lipasi, ambavyo hukatakata mafuta ya chakula mpaka yawe madogo ya kufyonzwa. Dawa inavifunga mikono. Kwa ile dozi kubwa, karibu theluthi moja ya mafuta uliyokula haifyonzwi. Sasa yataenda wapi? Hayana mlango mwingine.

Kwa hivyo ukimeza halafu ukala vitu vya mafuta, unapata gesi inayotoka na mafuta, choo cha kuteleza, haja isiyokupa notisi, na doa kwa nguo ya ndani ambalo sabuni ya kipande inalishindwa. Hii si siri ya mtu. Imeandikwa kwa karatasi ya dawa yenyewe. Alli ilipoingia madukani Marekani, kampuni iliyoiuza, GlaxoSmithKline, iliwashauri wateja wavae suruali za rangi nyeusi na wabebe nguo za kubadilisha kazini mpaka wazoee. Soma hiyo tena. Kampuni kubwa, yenye mawakili wa kila aina, iliona ni afadhali iseme mapema kuhusu suruali. Muuzaji wako wa WhatsApp anakwambia maajabu.

Kuna dada mmoja hapa kwetu, mkubwa kwangu, sitasema anafanya kazi gani kwa sababu Gachoka ni ndogo na midomo ni mirefu. Ameniruhusu niandike. Alianza vidonge siku chache kabla ya ruracio ya binamu yake, kwa sababu ya gauni. Siku yenyewe akala kama sisi wote tunavyokula ruracio: pilau, mbuzi, chapati za kung'aa. Aliyemuuzia hakuwa amemwambia kitu kuhusu chakula. Alipoinuka kusalimia wazee, shangazi yake akamfunga leso kiunoni haraka bila kusema neno, na wale waliokuwa nyuma yake walikuwa wameshaona. Akapanda boda akaenda nyumbani. Mpaka leo chama chake anatuma pesa kwa simu, haendi.

Lakini si hapo palipoharibika zaidi. Usiku huo alimwandikia muuzaji akilia. Akajibiwa hivi: "Hiyo ni kuonyesha inafanya kazi. Una mafuta mengi ndani, ongeza dozi." Na akaongeza! Akameza miezi miwili, kila asubuhi anachungulia choo kama mtu anayeangalia salio, akihesabu yale mafuta kama faida. Uzito ukashuka kidogo kisha ukakwama, na haikuwa ajabu, maana aliyekuwa anapungua ni chipsi.

Mnacheka, najua. Hata mimi nimeona zile video za kuchekesha za mtu kukimbilia choo. Kuna kicheko ambacho kinamfaidi muuzaji peke yake, na ni hicho. Aliyechafuka nguo hataenda kulalamika kwa kemisti, hataandika komenti, hataambia hata mume wake. Atanyamaza, na kimya chake ndicho kinachowaacha wenzake waendelee kuuliza bei.

Sasa tupige hesabu, maana wauzaji hawapendi hesabu. Tuseme kwa siku unakula gramu 60 za mafuta. Theluthi moja ni gramu 20. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, kwa hivyo umezuia kalori 180. Chupa ya soda ya nusu lita ina kalori kama 200, na kidonge hakigusi sukari. Hakigusi ugali, hakigusi mkate, hakigusi ile chai ya vijiko vinne. Soda moja imefuta kazi ya siku nzima, na aibu umebaki nayo. Na sisi huku Mbeere wengi wetu hatuli hata hizo gramu 60. Mtu anakula githeri ya kuchemsha, pojo na ugali wa mtama, mafuta ni kijiko kimoja cha kuangushia kitunguu. Sasa kidonge kizuie nini hapo? Kijiko?

Wenzetu wa Sweden waliipima vizuri. Utafiti wao ulichapishwa mwaka 2004: watu 3,305, miaka minne, wote wakifundishwa kula vizuri na kutembea. Waliomeza orlistati walipungua wastani wa kilo 5.8. Waliomeza kidonge cha bure kisicho na dawa walipungua kilo 3.0. Tofauti ni kilo 2.8, kwa miaka minne. Nisiwe mwongo kama wao: katika utafiti huo waliomeza dawa walipata kisukari kwa uchache zaidi, na kuna watu ambao daktari akiwapa dawa hii, wakafuata masharti ya chakula, inawasaidia. Sina vita na kapsuli. Nina vita na anayeahidi kilo 10 kwa wiki mbili.

Doa unaweza kufua. Kuna mambo mengine hayafuliki, na hapa naomba usiruke.

Dawa hii inaweza kupunguza nguvu ya ARV. Maelezo rasmi ya Ulaya yanaonya wazi kwamba inaweza kuzuia dawa za virusi vya Ukimwi zisifyonzwe vizuri. Sasa niambie, ni nani atamwandikia mtu asiyemjua kwa WhatsApp, "Kabla sijalipa, mimi niko kwa ARV"? Hakuna. Na muuzaji haulizi. Mtu amejitahidi miaka, virusi havionekani kwa kipimo, halafu mtu wa kuuza kwa simu anakuja kucheza na hiyo kazi yote kwa sababu ya gauni. Dawa za kifafa nazo zimo, mishtuko inaweza kurudi. Zimo dawa za tezi ya shingo na ile ya kuzuia damu kuganda. Dada zangu mnaotumia tembe za kupanga uzazi: ukiendesha sana, tembe inaweza kupita bila kufanya kazi, na karatasi inasema uongeze kinga nyingine. Mama mjamzito au anayenyonyesha haifai kabisa, na hao ndio hizo video zinawawinda zaidi, "rudisha mwili baada ya mtoto."

Kuna pia vitamini A, D, E na K ambazo husafiri ndani ya mafuta. Mafuta yakitoka, zinatoka nayo, ndiyo maana anayetumia dawa hii vizuri huambiwa ameze vitamini wakati wa kulala, mbali na kapsuli. Na mwaka 2010 Marekani iliongeza onyo kuhusu ini kuharibika vibaya. Ni nadra, sitaki kukutisha, lakini ukiona macho ya njano, mkojo wa rangi ya chai kavu na mwili kuwasha, acha vidonge uende Embu Level 5 siku hiyo hiyo.

Na haya yote nimesema nikidhani umeuziwa orlistati. Nani amekwambia ndiyo? Januari 2010 Marekani walitoa onyo kuhusu Alli feki, na walipoipima hawakupata orlistati hata kidogo. Ndani kulikuwa na sibutramini, dawa ya kuua njaa ambayo Ulaya iliisimamisha mwezi huo huo na Marekani ikaiondoa sokoni Oktoba, kwa sababu iliongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Kwa hivyo kama umekula nyama ya mafuta na choo hakijabadilika hata kidogo, lakini njaa imepotea, moyo unadunda, mdomo mkavu na usingizi umekataa, jiulize vizuri umemeza nini.

Ah, na kama ni kuua njaa tu, si muguka tunapanda wenyewe? Nasema kwa uchungu. Mei 2024 Mombasa ilipiga marufuku muguka wetu, Kilifi na Taita Taveta zikafuata, nchi nzima ikawa daktari: runinga, wabunge, wahubiri, kila mtu akachambua jani letu. Sitetei jani leo, hiyo ni mada ya siku nyingine na najua mtanirukia. Lakini muguka angalau mtu anaujua kwa jina na kwa shamba lake. Kapsuli isiyo na jina inashuka stejini kila wiki na sijasikia hata diwani akikohoa.

Kuna wale wataandika, "Wewe mwembamba unajua nini? Mwili wangu, pesa yangu." Sawa. Sijasema mtu asipungue. Ripoti ya afya ya taifa ya 2014 ilionyesha kwamba asilimia 33 ya wanawake wa Kenya wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi, na foleni ya presha na sukari kliniki tunaiona kwa macho. Shida ni ya kweli. Shosho yangu bado akikuona umenona anakusifu kwamba unatunzwa, halafu unaingia mtandaoni unaambiwa mwili huo huo ni aibu; kati ya hao wawili msichana atakosa vipi kununua? Ndiyo maana nasema pesa yako ina haki ya kujua inanunua nini. Kenya kuna Bodi ya Dawa na Sumu. Dawa inafaa iwe imesajiliwa, duka la dawa liwe na leseni ukutani, na ikikudhuru wewe mwenyewe unaweza kuripoti kwa Bodi, si lazima uwe daktari. Kimfuko cha nailoni hakina pa kuripotiwa, na ndivyo muuzaji anavyopenda.

Mwezi uliopita muuzaji mmoja alinitafuta. Video tatu, shilingi elfu nane, na "bidhaa" ya bure. Nikamwomba vitu viwili tu, picha ya boksi na karatasi ya maelezo. Akanijibu, "Sisi tunauza matokeo, madam, hatuuzi karatasi." Tukaachana hapo.

Sasa nyinyi wenzangu mlio na wafuasi wengi kuniliko, mliochukua hizo pesa. Sitataja mtu, mnajijua. Rekodini video moja zaidi, ya bure. Simama mbele ya kamera, taja jina la dawa na miligramu zake. Soma kwa sauti ile sehemu ya ARV, ile ya tembe, ile ya mama anayenyonyesha. Eleza mafuta ya chooni yanatoka wapi. Sema na ile ya suruali nyeusi. Ukimaliza weka nambari yako ya WhatsApp chini kama kawaida, tuhesabu pamoja ni wangapi watauliza kama mnatuma Embu.