Noeli ya Singa na Magunzi

Ndugu mzazi wa Korogwe au Handeni, usimwambie mwanao kwamba Noeli imeshindikana kwa kuwa mshahara umekwishia kwenye sare na madaftari. Mwite mkekani. Gunzi la mahindi likivikwa kitambaa ni Mariamu. Singa za mkonge zilizokwisha kukaushwa ni majani ya horini, tena ni ndevu za Yusufu. Jani bichi usimpe: ncha yake huchoma na utomvu wake huwasha ngozi. Mnaposokota, msimulie kuwa mkonge nao ulikuja mgeni, ukapandwa Kikogwe, Pangani, mwaka 1893. Mtoto wa horini mwachie kitindamimba amfinyange kwa udongo, hata kichwa kikipinda. Usimrekebishie.