Ufundi wa setilaiti usiachiwe kubahatisha: wito kwa Mbeya na Iringa

NDUGU msomaji, ukipita leo katika mitaa ya Mwanjelwa na Uyole jijini Mbeya, au ukipanda kutoka Ipogolo hadi Kihesa mjini Iringa, utaona madishi yametanda juu ya mapaa. Yapo majumbani, yapo kwenye mabenki, yapo hata katika kambi za watalii ndani ya Hifadhi ya Ruaha, mahali ambapo mnara wa simu ni nadra kuonekana. Twayatazama kila siku na tumeyazoea. Lakini ni wangapi miongoni mwetu waliowahi kujiuliza: aliyeyafunga ni nani, na elimu hiyo aliipata wapi?

Jibu halifichiki. Vijana wengi wanaofanya kazi hii waliipata kwa kumtazama mwenzao akiwa juu ya paa. Hatuwabezi, kwani wamejitafutia riziki ya halali kwa jasho lao. Ila yatupasa tuseme kweli: kuona si kujua, na kazi iliyojengwa juu ya nambari za hesabu haiwezi kuachiwa kubahatisha.

Tuiangalie kazi yenyewe. Setilaiti nyingi za televisheni hukaa juu ya mstari wa Ikweta, umbali wa kilometa 35,786 kutoka ardhini. Huko juu huzunguka kwa mwendo ulio sawa na mzunguko wa dunia, ndiyo maana kwetu zaonekana kama zimesimama. Iringa ipo karibu nyuzi 8 kusini ya Ikweta, na Mbeya karibu nyuzi 9. Kwa hiyo setilaiti iliyo katika longitudo ya nyuzi 36 mashariki huwa karibu na utosi wetu, upande wa kaskazini. Fundi aliyesoma hupiga hesabu ya mwelekeo na mwinuko kabla hajapanda ngazi. Asiyesoma hulizungusha dishi mpaka picha itokee, na mara nyingi huliacha pale picha ilipotokea kwanza, si pale mawimbi yalipo na nguvu zaidi. Mvua ya kwanza ikinyesha, picha hutoweka.

Na elimu hii si ngeni kwetu kama tunavyodhani. Kutafuta mwelekeo wa mahali usipopaona, ukiwa juu ya dunia ya mviringo, ndiyo hesabu ile ile ya kutafuta Kibla. Mwanachuoni al-Biruni aliishughulikia katika karne ya 11, akipima nafasi za miji ili ajue uelekeo wa Makka kutoka Ghazna. Mwenye kuelekeza dishi leo hutumia pembe za aina hiyo hiyo. Hata tahadhari zake zafanana: kaskazini ya dira si kaskazini halisi, na dira ikiwekwa juu ya paa la bati la chuma hudanganya.

Yapo mengine ambayo macho peke yake hayafundishi. Masafa ya juu yatumiwayo na madishi madogo hudhoofishwa na mvua kubwa, na nani asiyeijua mvua ya Tukuyu? Huko fundi hana budi kuchagua dishi lenye kipenyo cha kutosha. Tena kila mwaka, karibu na miezi ya Machi na Septemba, jua hupita nyuma ya setilaiti, na mawimbi yake hukatiza matangazo kwa dakika chache mchana, kwa siku kadhaa mfululizo. Asiyejua humshauri mteja anunue vifaa vipya, na mnyonge hulipia kosa ambalo halipo! Sikutaja bado radi. Dishi lisilo na waya wa kwenda ardhini ni hatari kwa nyumba na kwa waliomo.

Wapo watakaosema: elimu hii imepitwa na wakati, kwani mkongo umefika. Ni kweli kwamba tangu Seacom ilipofika Dar es Salaam mwaka 2009, ikifuatiwa na EASSy mwaka 2010, mzigo mkubwa wa intaneti uliokuwa ukibebwa na setilaiti ulihamia chini ya bahari. Lakini tusisahau Mei 12, 2024, mikongo hiyo miwili ilipokatika na intaneti ya Tanzania ikayumba vibaya. Siku ile kila mwenye akili aliona thamani ya njia ya pili. Aidha, mkongo haupandi kila mlima wa Makete wala haushuki kila bonde la Ludewa.

Na teknolojia yenyewe haikulala. Setilaiti za Starlink huzunguka umbali wa kilometa 550 hivi, na majirani zetu Malawi na Zambia waliifungulia milango huduma hiyo mwaka 2023. Dishi lake hujitafutia mawimbi lenyewe. Je, hapo fundi hana kazi tena? La hasha. Kazi yake imebadilika tu: sasa atakiwa ajue umeme wa jua, usambazaji wa mtandao katika shule au zahanati, na ulinzi wa taarifa. Aliyejua kuzungusha dishi peke yake ndiye atakayeachwa nyuma.

Uganda wametuonyesha mfano. Setilaiti yao ya kwanza, PearlAfricaSat-1, iliyorushwa Novemba 2022, ilitengenezwa kwa mikono ya wahandisi watatu wa Kiganda waliopelekwa kusoma Japani. Walianza na watu, kisha chombo kikafuata.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini hatuanzi mikono mitupu. Chuo cha Ufundi Mbeya kilianzishwa mwaka 1986, kikawa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia mwaka 2005, na mwaka 2012 kikapanda kuwa chuo kikuu. Vyuo vya VETA vipo Mbeya na Iringa. Kinachotakiwa ni mambo matatu. Kwanza, iwepo kozi fupi ya mawasiliano ya setilaiti iliyo wazi kwa mafundi walio mitaani, wapimwe kwa ujuzi walio nao na kuongezewa wasionao. Pili, mafunzo yawe ya vitendo, yenye madishi na vipimo vya mawimbi uwanjani, si michoro ubaoni tu. Tatu, kampuni zinazovuna fedha kwa huduma hizi zishiriki gharama na zipokee wanafunzi kwa mazoezi.

Nasi wazazi tuna sehemu yetu. Twachangishana mamilioni kwa sherehe ya usiku mmoja, lakini kijana akiomba ada ya miezi mitatu twamwambia asubiri mavuno. Mavuno gani yanayozidi mtoto mwenye ujuzi? Binti naye asiachwe nyuma, kwani kipima mawimbi hakiulizi aliyekishika ni mwanamume au mwanamke.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtaka cha mbinguni sharti asome. Madishi tunayo. Tuwape elimu wanaoyapandia.