Rweya ipimwe kabla haijaisha

Mgeni anayetoka Bukoba kwenda Muleba huona migomba imebanana vijijini, kisha ghafla uwanda mtupu wa majani. Mtupu machoni pake. Wahaya huuita rweya: humo hukatwa nyasi za kutandaza chini ya migomba na, enzi za nyumba za msonge, sakafuni, humo hulishwa ng'ombe, ambao samadi yao ndiyo uhai wa kibanja, shamba la migomba la nyumbani.

Sasa rweya inamegwa. Mikaratusi na misindano inakwea vilima, mara nyingi ni ya mwenye fedha zake, na mama mwenye mundu anaambiwa azungukie mbali.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inaruhusu kijiji kutenga ardhi ya pamoja. Kikwazo ni gharama ya kuipima: wapimaji, mafuta ya gari, alama za mipaka. Halmashauri hutoza ushuru wa mazao, kahawa ikiwamo, na kisheria hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Zitenge pia fungu la kupima rweya, kwenye bajeti ijayo. Zianze na vijiji ambavyo bado vinayo ya kupimwa.