Mtaji Usioandikwa Daftarini

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (SW), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na masahaba zake.

Wiki hii tunapenda kuzungumza na familia zinazokusudia kufungua biashara, pamoja na zile zilizokwishafungua na sasa zinahangaika kuifikisha mwaka wa pili. Kamati za misikiti huyaona mahangaiko hayo kwa karibu, kwa sababu ndiko maombi ya mkopo mwema, yaani qardhi hasan, yanakofikishwa. Huja mjane anayetaka kukaanga vitumbua, kijana anayetaka kufuga kuku, ndugu wawili wanaotaka cherehani. Kwa kawaida mwombaji huulizwa mambo matatu: anahitaji kiasi gani, nani atamdhamini, na wateja watatoka wapi. Kwa maoni yetu, wakati umefika wa kuongeza la nne: biashara hii itachukua nini katika ardhi, maji na hewa, na itarudisha nini?

Huenda msomaji akasema kwamba swali hilo waulizwe wenye viwanda. Tutazame yaliyotokea karibu yetu. Mwaka 2006 Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki. Kenya ikafanya hivyo Agosti 2017, na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Mfanyabiashara mdogo aliyekuwa ameweka akiba yake yote katika shehena ya mifuko ile, aliamka siku hiyo akiwa na mali isiyouzika. Aliyekuwa na ujuzi wa kusuka vikapu au kushona mifuko ya kitambaa, siku hiyohiyo alifunguliwa mlango. Hawa wawili hawakutofautiana kwa bidii wala kwa swala. Walitofautiana kwa kile walichokitegemea.

Huo ni mlango wa sheria. Upo mlango mwingine, nao haubishwi hodi. Mwishoni mwa miaka ya 1980, wakazi wa pwani ya mashariki ya Unguja, katika vijiji kama Paje na Jambiani, walianza kulima mwani kwa ajili ya kuuza. Wengi wa wakulima hao ni akina mama. Fedha ya mwani ililipa sare za shule na mahitaji ya nyumba, na wengi wao ilikuwa mara ya kwanza kushika kipato chao wenyewe. Mwani wenye bei nzuri ni ule uitwao kotonii, lakini huo hauvumilii joto. Bahari ilipozidi kupata joto, kotonii ikawa inaugua na kufa katika maji ya kina kifupi. Wengi wakabaki na spinosamu, ambayo ni stahimilivu zaidi lakini bei yake ni ndogo.

Akina mama wale hawakuwa na viwanda vya kutoa moshi, ila hasara iliwakuta wao. Katika Surat Ar-Rum, aya ya 41, Mola wetu ametutanabahisha kwamba uharibifu wa bara na bahari umetokana na matendo ya wanadamu. Anayetenda na anayeumia huenda wasiwe mtu mmoja. Hata hivyo, wapo waliotafuta njia nyingine: baadhi walijaribu kulima katika maji ya kina kirefu zaidi, na wengine wakaanza kuusaga mwani na kutengeneza sabuni, ili kilo ileile ilete kipato kikubwa zaidi. Waliitazama bahari kama sehemu ya mtaji wao, nayo ilipobadilika, nao wakabadilika.

Mlango wa tatu ni haki ya jirani. Katika hadithi iliyopokewa na Imam Bukhari, Mtume (SAW) alipiga mfano wa watu waliopanda chombo kimoja, wengine juu na wengine chini. Wale wa chini wakaona watoboe tundu katika sehemu yao, wapate maji bila kuwasumbua wenzao. Wakiachwa, wote wataangamia. Wakizuiwa, wote wataokoka. Mwenye banda la kuku anayeacha kinyesi kitiririke hadi kisimani, na mwenye kikaango anayemwaga mafuta machakavu mtaroni, wanatoboa sehemu yao wenyewe. Na biashara iliyochukiwa na majirani haina umri mrefu.

Hapa ndipo tunapotaka kusema jambo zito. Serikali ina Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo 2034. Anayeanza leo biashara ya chakula kwa kutegemea mkaa peke yake anajenga juu ya kitu kinachoondoka. Hata hivyo, si uadilifu kumwambia mjane aache mkaa huku tukimpa mkopo unaotosha mkaa tu. Jiko la gesi na mtungi wake vinahitaji fedha nyingi siku ya kwanza, na siku ya kwanza ndiyo ambayo maskini hana fedha. Tukiyaita mazingira amana ya umma mzima, basi gharama ya kuyalinda isitwishwe aliye mnyonge kuliko wote.

Tunashauri basi kwamba kamati na vikundi vinavyokopesha viongeze kiasi cha mkopo na muda wa kulipa kwa anayechagua njia isiyoharibu. Tofauti hiyo ihesabiwe kuwa sehemu ya wema wa mkopo wenyewe. Kijana wa kuku asaidiwe pia kumpata mkulima wa mboga atakayenunua mbolea yake, ili uchafu uwe pato la pili.

Nanyi wazazi, kabla ya kuidhinisha biashara ya nyumbani, kaeni na watoto wenu. Andikeni malighafi inatoka wapi, takataka zinakwenda wapi, na itakuwaje sheria au mvua ikibadilika. Deni hubaki hata biashara ikifa, na litaulizwa.

Mwenyezi Mungu azibariki chumo zetu na atujaalie kuwa walinzi wema wa alivyotukabidhi. Amin.

Wabillahi tawfiq.