Pointi za hoteli zisimchagulie mfanyabiashara malazi

Kwa mfanyabiashara wa Kariakoo, Eastleigh au Kampala, safari ya Dubai si jambo geni tena. Nguo, vipodozi, simu na vipuri vya magari hufuatwa huko kila wiki. Wapo pia wakulima na vyama vyao wanaotuma wajumbe kwenye Gulfood, maonyesho ya vyakula yanayofanyika katika mji huo kila mwaka. Wote hao, kabla hawajauza wala kununua chochote, hulipia kitu kimoja ambacho hawarudi nacho nyumbani, nacho ni kitanda cha kulala.

Zamani uchaguzi wa kitanda hicho ulikuwa rahisi. Msafiri mpya alimuuliza aliyetangulia, akapewa jina la hoteli na jina la mtaa, akaenda. Siku hizi limeongezeka jambo jingine. Makampuni makubwa ya hoteli yana mipango ya kuwazawadia wateja wanaorudi mara kwa mara. Hilton wana Hilton Honors, Marriott wana Marriott Bonvoy, wenye Holiday Inn wana IHG One Rewards, na Accor ya Ufaransa, wenye Novotel na ibis, wana mpango uitwao ALL. Kujiunga ni bure. Mteja hupewa namba ya uanachama, kila anapolala hupata pointi, na pointi zikitosha hulala bila kulipa.

Hakuna ubaya wowote katika hilo. Mwenye duka anayempunguzia bei mteja wake wa kila siku anafanya jambo lile lile. Ubaya unaanza pale namba ya uanachama inapogeuka kuwa ndiyo inayochagua hoteli, na mfanyabiashara akajikuta analala mbali na soko, kwa bei kubwa, kwa sababu tu hataki kupoteza pointi.

Ni vema ikaeleweka mipango hii ilibuniwa kwa ajili ya nani. Shirika la ndege la American Airlines la Marekani lilianzisha mpango wake mwaka 1981. Holiday Inn na Marriott walifuata na ya kwao mwaka 1983. Mteja aliyekuwa akiwindwa zaidi ni mtumishi anayesafiri kikazi mara nyingi kwa mwaka, ambaye chumba chake kinalipwa na mwajiri. Mtu wa namna hiyo haumizwi na tofauti ya dola 20 au 30 kwa siku, kwani fedha si zake, lakini pointi zinaingia kwenye jina lake. Kwake yeye mpango huo ni faida tupu.

Mfanyabiashara mdogo yuko upande mwingine kabisa. Yeye ndiye msafiri na yeye ndiye mwajiri. Kila dola anayoiacha hotelini imetoka kwenye mtaji ule ule uliopaswa kununua robota la nguo au katoni ya simu. Zawadi anayopewa ameilipia mwenyewe, kwa hiyo hana budi kuipigia hesabu kama anavyoipigia bidhaa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Katika hoteli za Holiday Inn, mwanachama wa kawaida hupata pointi 10 kwa kila dola moja ya bei ya chumba. Chukua mfano wa chumba cha dola 80 kwa siku. Kila siku mteja anapata pointi 800. Bei ya chumba kwa pointi hupanda na kushuka kulingana na msimu, lakini ikiwa chumba hicho hicho kinatolewa kwa pointi 16,000, atalazimika kulala na kulipia siku 20 ili apate siku moja ya bure. Kwa maneno mengine, amepewa punguzo la asilimia tano, tena halitolewi papo hapo bali baada ya kumaliza siku zote 20. Anayekwenda Dubai mara nne kwa mwaka, siku nne kila safari, atamaliza mwaka akiwa amelala siku 16 na bado siku yake ya bure hajaifikia.

Sasa ilinganishwe hoteli hiyo na nyingine isiyo na mpango wowote, iliyo Deira karibu na maduka ya jumla, inayotoza dola 55. Tofauti ni dola 25 kwa siku, dola 100 kwa safari na dola 400 kwa mwaka. Pointi alizokusanya mfanyabiashara wetu kwa siku zake 16 ni 12,800, ambazo kwa kiwango kile kile zina thamani ya dola 64. Aliyefuata pointi amepata dola 64 na kupoteza dola 400. Mwenye duka hawezi kuiita hiyo biashara, hata kama hoteli ina mapokezi ya marumaru.

Hapo bado hajalipa teksi. Deira ndiko kwenye mitaa ya Naif na Al Sabkha, na ndiko waliko mawakala wengi wa mizigo wanaosafirisha kuja Afrika. Anayelala huko huenda sokoni kwa miguu, hurudi mchana kupumzika, na akisahau sampuli chumbani anaifuata. Aliyelala upande wa pili wa mji, kwenye majengo marefu ya Sheikh Zayed Road, huanza na kumaliza siku yake barabarani. Ni kweli kwamba reli ya metro ipo. Njia Nyekundu ilifunguliwa mwaka 2009 na Njia ya Kijani, inayopita Baniyas Square na Al Ras, mwaka 2011. Lakini metro ina mipaka ya ukubwa na idadi ya mizigo. Humbeba mtu na sanduku lake, si mtu na marobota yake. Kwa upande mwingine, ambaye ununuzi wake wote uko Dragon Mart, soko la bidhaa za China lililo International City, anaweza kuona kwamba hata Deira ni mbali kwake. La kuzingatia ni kwamba hoteli ichaguliwe kwa kuangalia mzigo unanunuliwa wapi na unafungwa wapi.

Jambo la pili la kuangaliwa kabla ya pointi ni bei kamili. Bei inayotangazwa mara nyingine siyo itakayolipwa. Hoteli za Dubai hutoza ada ya huduma na ada ya manispaa, na tangu Januari 2018 kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia tano. Aidha, tangu mwaka 2014 kuna tozo ya utalii inayolipwa kwa kila chumba kwa kila siku, kuanzia dirham 7 hadi 20 kulingana na nyota za hoteli. Vyote hivyo vikijumlishwa, chumba kilichoandikwa dirham 300 kinaweza kuvuka dirham 370. Pointi kwa kawaida huhesabiwa kwenye bei ya chumba, siyo kwenye kodi na tozo. Kwa hiyo mfanyabiashara aulize swali moja kabla ya kukubali: jumla ya kulipa mpaka kuondoka ni kiasi gani? Aulize pia kuhusu amana, kwani hoteli nyingi hushikilia fedha za dhamana mgeni anapoingia. Fedha hiyo hurudishwa, lakini ikishikiliwa kwenye kadi ya benki inaweza kuchukua siku kadhaa kurudi, na mwenye mtaji mdogo anaweza kukwama katikati ya manunuzi.

Lipo jingine ambalo wengi huligundua wakiwa wameshachelewa. Makampuni mengi ya hoteli hayatoi pointi kwa chumba kilichonunuliwa kupitia wakala au mtandao wa watu wengine. Mfanyabiashara anayenunua kifurushi cha visa, tiketi na hoteli kwa wakala wa mjini kwake asitegemee kwamba namba yake ya uanachama itasaidia chochote. Hiyo haina maana kwamba kifurushi ni kibaya. Mara nyingine wakala hupata bei ambayo mtu mmoja hawezi kuipata. Kinachotakiwa ni kulinganisha bei ya wakala na bei ya hoteli yenyewe, na kuacha kuzihesabu pointi ambazo hazitaingia.

Pamoja na hayo yote, uanachama una nafasi yake. Hoteli mbili zikiwa karibu na soko, zikilingana kwa bei kamili na usafi, basi yenye mpango wa wanachama ndiyo ya kuchukuliwa. Makampuni hayo huwapa wanachama wanaonunua moja kwa moja bei ya chini kidogo kuliko ya wageni wengine, na punguzo hilo linapatikana siku hiyo hiyo bila kusubiri kukusanya chochote. Punguzo la namna hiyo lina uzito kwa mwenye mtaji mdogo kuliko ahadi ya chumba cha bure mwakani. Kwa kuwa kujiunga hakulipiwi, hakuna sababu ya kulala katika hoteli ya aina hiyo bila kutoa namba.

Kinachopaswa kuepukwa ni kukimbilia ngazi za juu. Kila mpango una madaraja yake. Katika Marriott Bonvoy, ngazi ya Silver huanzia siku 10 kwa mwaka, Gold siku 25 na Platinum siku 50. Manufaa makubwa yamewekwa juu huko, ambako mfanyabiashara wa safari nne kwa mwaka hafiki. Kuongeza siku mbili za kulala ambazo hazina kazi, ili kupanda ngazi, ni sawa na mkulima kununua magunia ya ziada kwa sababu muuzaji ametoa zawadi ya kofia.

Vilevile pointi si akiba. Fedha iliyoko SACCOS ina kitabu na ina riba. Pointi hazina riba, na thamani yake hupangwa na aliyezitoa. Mwaka 2022 Marriott waliachana na jedwali lao la bei za vyumba kwa pointi, na tangu hapo bei hizo hubadilika. Tena pointi hufa. Za mwanachama wa kawaida wa IHG hufutwa baada ya miezi 12 bila shughuli yoyote, na za Marriott baada ya miezi 24. Aliye na pointi za kutosha azitumie mapema kwenye safari ya biashara, na apunguze gharama ya safari hiyo.

Limebaki suala linalovigusa vyama vya wakulima na vikundi vya wafanyabiashara. Mara nyingi kikundi huchangishana fedha na kumtuma mwenyekiti, katibu au mjumbe mmoja kwenda kutafuta soko, mashine au bidhaa. Mjumbe huyo sasa anasafiri kama yule mtumishi ambaye mipango hii ilibuniwa kwa ajili yake. Chumba kinalipwa na wengine na pointi zinaingia kwenye jina lake. Uanachama ni wa mtu binafsi, si wa chama. Marriott, kwa mfano, humpa mwanachama mmoja pointi za hadi vyumba vitatu, ilimradi yeye mwenyewe amelala katika kimojawapo na amevilipia vyote. Kiongozi anayewalipia wenzake wawili kwa fedha za kikundi anaweza kurudi na pointi za watu watatu.

Huo si wizi, lakini ni kishawishi. Mjumbe anayejua kwamba hoteli ya bei ya juu itamlipia mapumziko ya familia yake mwezi Desemba hawezi kutegemewa kuichagua ya bei ya chini, hata akiwa mtu mwema. Wanachama nao, waliouza mahindi na korosho ili safari ile ifanyike, hawana habari kwamba pointi hizo zipo. Migogoro mingi ya vyama huanzia kwenye mambo madogo kama hayo ambayo hayakusemwa mapema.

Dawa yake ni kusema mapema. Kabla ya safari, kamati iweke kiwango cha juu cha malazi kwa siku, kodi zote zikiwemo, na itaje eneo ambalo mjumbe atalala. Iandikwe kwenye muhtasari kwamba pointi zitakazopatikana zitatumika kupunguza gharama ya safari ijayo ya kikundi. Kama wanachama wataamua kumwachia mjumbe kama ahsante ya kazi, uamuzi huo nao uandikwe. Mjumbe akirudi, alete risiti ya hoteli inayoonyesha bei, kodi na siku, pamoja na taarifa ya pointi zilizoingia. Hayo hayahitaji mtaalamu wala mkaguzi kutoka mjini. Yanahitaji karatasi moja na wanachama walio tayari kuuliza.

Hoteli ya daraja la kati katika mji mkubwa ina kazi mbili tu kwa mfanyabiashara, kumpa usingizi salama na kumweka karibu na soko. Ikizifanya kazi hizo kwa bei inayobebeka, pointi ni nyongeza ya kupokelewa kwa mikono miwili. Ikishindwa, hakuna idadi ya pointi itakayorudisha mtaji uliolala hotelini badala ya kurudi dukani.