Ordinatere ndani ya motokari: kufuli la kazini lifike hata lupangoni



Tangu miaka kadhaa tunaona jambo jipya katika malupango yetu, Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Siku ya kupumzika, kijana wa nyumba, au baba mwenyewe, anafungua tablo ya motokari, anatoa redio, na mahali pake anatia ordinatere ambayo ameiunga kwa mikono yake. Kuna kadi ndogo yenye akili ya mashine, kuna kioo cha kugusa kwa kidole, antena ya kusikia satelaiti, na waya zinazopita chini ya viti mpaka kofre. Wazee wengine wanasema ni majivuno tu, ni kutupa feza. Sisi hatusemi hivyo. Kazi ile ni njema, na kijana anayeifanya anajifunza umeme kuliko yule anayekaa barazani. Lakini namna inavyofanywa katika malupango mengi inatutia hofu, na leo tunataka kusema wazi kwa nini.

Tuelewe kwanza kinachowasukuma watu. Motokari nyingi za hapa zimetoka Japani, zimekwisha kutumika kule, zikashuka bandarini Dar es Salaam na kupita Zambia mpaka Kasumbalesa. Redio ya Japani ilitengenezwa kusikia FM toka megahezi 76 mpaka 90, na zile za karibuni mpaka 95. Vituo vyetu vinasema toka 87.5 mpaka 108. Kwa hiyo vituo vingi vya kwetu havisikiki. Tena kioo cha ramani kinaongea Kijapani na kinajua njia za kule tu. Mtu amelipa feza za miaka, anakaa na redio kiziwi na kioo kipofu. Akiunga ordinatere yake mwenyewe, anapata redio yote, ramani ya Kongo, nyimbo za watoto, kamera ya kurudi nyuma, hata kusoma makosa ya motere kwa njia ya prizi iliyo chini ya tablo. Na vipande si vya bei kali kama zamani. Mwaka 2001 ilitoka kadi iitwayo Mini-ITX, ya sentimeta 17 kwa 17, ambayo mafundi wa Ulaya na Marekani waliitumia sana ndani ya motokari. Mwaka 2012 ikatoka Raspberry Pi, ambayo ukubwa wake ni kama kadi ya benki. Kwa hiyo tusidanganyane: vijana hawataacha. Afadhali wafanye vizuri.

Sasa tuje kwenye hatari yenyewe. Watu wengi husema: «Volti 12 haiui mtu, haina neno.» Ni kweli kwamba volti 12 haitakutupa chini. Lakini batri ya motokari inaweza kutoa ampere mamia kwa mara moja. Bila nguvu hiyo demarere isingegeuza motere. Waya mwembamba unaogusa chuma cha motokari, na upande wake mwingine umefungwa kwenye batri, unakuwa mwekundu kama mkaa kwa segonde chache. Ngozi yake ya plastiki inawaka, tapi ya chini inashika moto, na wewe unaendesha, bibi yuko kando, watoto wako nyuma.

Kwa hiyo fuzibli. Tunajua kila mtu anaitia fuzibli, lakini wengi wanaitia karibu na ordinatere, kwa sababu ni rahisi kuifikia. Hapo si mahali pake. Fuzibli hailindi ordinatere, inalinda waya. Ukiiweka mwisho wa waya, metre nne zote toka batri mpaka pale hazina mlinzi, na ndizo zinazopita penye chuma chenye makali. Fuzibli ikae karibu kabisa na kichwa cha batri, isipite sentimeta 30 hivi. Na pale waya unapotoboa ukuta wa chuma kati ya motere na viti, lazima pawe na mpira wa kuuzunguka. Barabara zetu zinatikisa. Chuma kinakata ngozi ya waya polepole kama msumeno, mwezi hata mwezi, na siku ya moto hakuna anayekumbuka nani alipitisha waya pale.

Hesabu ya waya si ngumu. Ordinatere na kioo chake vikila wati 60, gawanya kwa volti 12: ni ampere 5. Waya wa milimeta mraba 2.5 na fuzibli ya ampere 10 vinatosha vizuri. Fuzibli ikikatika, usiweke kubwa zaidi, wala ile karatasi ya fedha ya paketi ya sigara. Ilikatika kwa sababu, tafuta sababu. Waya wa masi nao uwe mnene vilevile, ufungwe kwa bulo kwenye chuma kilichosuguliwa, si juu ya rangi.

Jambo jingine ambalo mafundi wa nyumbani hawalijui ni kwamba umeme wa motokari hautulii. Batri iliyojaa, motere imezimwa, ina volti 12.6. Motere ikizunguka inapanda karibu 14. Ukipiga demarere inaweza kushuka chini ya 9, na ordinatere inazimika na kuwaka tena. Na mtu akitoa kable ya batri wakati motere inazunguka, eti kujaribu alternatere, kunaweza kutoka pigo la makumi ya volti. Mazoea hayo mabaya tunayaona hata kwa mafundi wazee. Yameua vyombo vingi. Kwa hiyo nunua konvertisere iliyotengenezwa kwa motokari, inayojua kungoja demarere ipite na kuzima ordinatere kwa taratibu ukitoa ufunguo. Ordinatere iliyolala lakini inanyonya nusu ampere itakausha batri ya ampere-saa 60 kwa siku 5, na zamani kabla ya hapo motere itakataa kuwaka. Mwenye kazi ya usiku ajue: saa ya alfajiri getini si saa nzuri ya kusukuma motokari. Na kwa kamyo, ambayo ni volti 24, hesabu zote hizi ni nyingine; usichukue chombo cha motokari ukaweka kule.

Wengine wanakwepa konvertisere ile kwa sababu ya bei. Wananunua chombo cha kugeuza 12 kuwa 220, halafu wanachomeka ordinatere ya kawaida ya mezani. Hapo hatukubali. Kwanza umeme unageuzwa mara mbili na unapotea njiani. Pili, 220 ndani ya sanduku la chuma linalotikisika, kando ya watoto, katika majira ya mvua, ni 220 ileile inayoua watu kazini na nyumbani.

Hapa ndipo penye swali linalotusumbua. Kazini, mfanyakazi wetu hagusi mashine kabla haijakatwa umeme, kufungwa kwa kufuli, kutiwa kibao chenye jina lake, na kupimwa kwamba imekufa kweli. Akikosa, anaadhibiwa, na anajua ni haki. Mtu yuleyule akifika lupangoni anafungua tablo, kontakti iko wazi, batri imefungwa, na pete ya ndoa iko kidoleni. Je, umeme unajua kama uko kazini ama nyumbani? Wakubwa wa usalama tumezoea kuhesabu ajali za kazini tu. Ajali ya lupangoni haiingii katika kitabu chetu, lakini mkono ulioungua ni mkono uleule tunaoungojea Jumatatu.

Basi: toa ufunguo. Toa saa na pete. Pete iliyogusa kichwa cha batri na chuma pamoja inachoma kidole mpaka mfupa. Fungua kwanza kable ya upande wa kutoa, halafu, kama ni lazima, ya upande wa kujumlisha. Kwa nini hivi? Kwa sababu kama masi imekwisha kutoka, ufunguo wako ukigusa chuma hakuna kitu kitakachotokea. Wakati wa kurudisha, masi inakuwa ya mwisho. Funga kable iliyotolewa kwa kitambaa isirudi yenyewe, na weka kibao, hata cha karatasi, juu ya usukani, mtoto asikae akawasha. Sigara mbali, kwani batri inayochajiwa inatoa hewa ya hidrojeni, na ile inalipuka.

Chini ya tablo kuna waya ambazo hata fundi wa umeme asiguse: zile zenye maunganisho ya rangi ya manjano. Ni za mfuko wa hewa. Mfuko ule unajaa kwa segonde 30 za elfu, jicho halijafumba. Ukipima waya wake kwa taa ya kujaribu unaweza kuulipua usoni pako. Na kioo kilichofungwa mbele ya kifuniko chake, siku ya ajali, kinakuwa jiwe linalorushwa kwa abiria. Motokari nyingi zina mfuko huo mbele ya abiria pia, yaani pale mama anapokaa na mtoto mapajani.

Tunasema jiwe, na si mfano tu. Sanduku la kilo 3 lisilofungwa, katika motokari inayogonga kwa kilometa 50 kwa saa, linakwenda mbele kwa nguvu ya jiwe la kilo 3 lililoangushwa toka urefu wa metre 10 karibu. Karieri nani atakubali kusimama chini ya jiwe hilo, hata mwenye kofia? Sanduku lifungwe kwa bulo kwenye chuma cha motokari. Gundi na kamba ya plastiki si kazi.

Kuhusu macho hatutasema mengi, kwa sababu kila mtu anajua na kila mtu anafanya. Kwa mwendo wa 60 motokari inakula metre karibu 17 kwa segonde. Segonde 3 za kutafuta wimbo ni metre 50 ukiwa kipofu, na kwenye barabara ya Likasi na Kolwezi, metre 50 zina kamyo ya asidi, baiskeli ya makala na watoto wa shule. Ordinatere unaiunga mwenyewe. Basi iamrishe mwenyewe: motokari ikitembea, picha za sinema zizimike mbele. Ni kazi ya mistari michache kwa kijana anayejua.

Joto na vumbi. Mwezi wa kumi, motokari iliyofungwa juani inafika digrii 60 ndani, na juu ya tablo zaidi. Diski inayozunguka haipendi joto hilo wala mashimo yetu. Chukua ile isiyo na kitu kinachozunguka. Na batri ya litiamu, ya telefone ao ya ordinatere ya mkononi, usiifiche nyuma ya tablo. Labda ndani yake mna kobalti tuliyochimba sisi wenyewe, lakini haitatuhurumia kwa sababu hiyo. Ikivimba, itoe nje ya motokari na nje ya nyumba. Ikishika moto, watu watoke kwanza. Moshi wake ni sumu.

Na bidon. Wengi, wakiogopa foleni ya mafuta, wananunua kwa Kadhafi na kubeba bidon ya lita 20 katika kofre. Kofre ileile ndimo walimotia konvertisere na sanduku la ordinatere. Mvuke wa petroli ni mzito, unashuka na kukaa chini katika shimo la gurudumu la akiba, pale hasa waya zinapopita. Cheche moja ya kontakti inatosha. Mwenye ordinatere katika kofre asibebe bidon humo, hata siku moja, hata mlango kwa mlango.

Tuna ombi moja kwa mafundi wa umeme wa kazi yetu, wale wanaofunga ordinatere za kuhesabu safari katika kamyo kubwa za karieri. Wao wanajua fuzibli inakaa wapi na bulo linakazwa namna gani. Watoe Jumamosi moja kwa mwezi, wakae na vijana wa kambi, motokari moja katikati, kapo wazi. Vijana walete vipande vyao, mafundi walete ujuzi na kipimo cha volti. Chombo cha kuzimia moto, cha unga, kiwe chini kando ya gurudumu. Na waya zinunuliwe sokoni, si magazini ya kazi. Tunasema mapema, kwa sababu tunajuana.