Ubavu wa mwavuli wafungua sanduku la Mama Mkubwa

Kericho mvua hunyesha karibu kila alasiri, na ndiyo sababu fundi wa miavuli hakosi kazi wala rundo la mbavu zilizovunjika kando yake. Hadi hivi majuzi nilidhani rundo hilo ni takataka tu.

Msomaji mpenzi, mama yangu mkubwa alichuma chai kwa miaka mingi katika shamba moja upande wa barabara iendayo Litein na Bomet. Alipostaafu na kuhama nyumba za kampuni, kulikuwa na mzigo mmoja ambao hakuruhusu mtu mwingine aubebe: sanduku la bati lenye kufuli kubwa. Ndani mlikuwa na kitambulisho chake, barua za kazi na karatasi za kiinua mgongo. Katika pilkapilka za kuhama, ufunguo ukapotea. Karatasi zilitakiwa ofisini Jumatatu asubuhi, na hiyo ilikuwa Jumamosi.

Binamu zangu wakaleta nyundo. Mama Mkubwa akalikalia sanduku.

"Mtaivunja na picha ya baba yenu," akasema. Picha yenyewe ilikuwa ndani ya kioo, na hakuna nyingine.

Tukamwita mzee mmoja anayetengeneza miavuli na makufuli mjini. Alifika akiwa amelowa, akakataa kiti, akauliza, "Sanduku ni la nani?" Akataka mwenyewe amtajie kilichomo, kimoja kimoja. Kisha akatoa mfukoni vichuma viwili, kimoja kikiwa ubavu wa mwavuli uliosuguliwa kwa tupa. Alikuwa akifanya kazi macho yameelekea dirishani, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Chai tuliyomwandikia haijapoa, kufuli likaruka. Alihakikisha vitu vilivyomo ni vile alivyotajiwa ndipo akapokea ujira wake. "Kongoi," akasema Mama Mkubwa, na machozi yakamtoka.

Mpwa wangu, mwanafunzi wa sekondari, aliyaona hayo yote. Jioni hiyohiyo akaniomba kufuli bovu.

Siri aliyofundishwa na mzee ni hii. Ndani ya kufuli la kawaida mna silinda inayozungushwa na ufunguo. Juu yake mna safu ya vitundu, na kila kitundu kina pini mbili zinazosukumwa chini na springi. Pini zikiwa zimelalia mpaka wa silinda, haizunguki. Ufunguo wake huziinua kila moja kwa kimo chake, hadi mahali zinapoachana pakawa sawa na mpaka huo. Hapo silinda iko huru. Wamisri wa kale walikuwa na kufuli la mti lenye vijiti vya namna hii, na Mmarekani Linus Yale wa pili ndiye aliyeliboresha likawa dogo, katika miaka ya 1860.

Sasa, kiwanda hakiwezi kutoboa vitundu vyote vikae kwenye mstari mmoja kamili. Ukiisukuma silinda kidogo kama unayetaka kuizungusha, pini moja hubanwa kabla ya wenzake. Iinue hiyo taratibu. Utasikia mlio mdogo, na silinda itasogea unywele mmoja. Kisha utafute inayofuata. Basi, ni hayo tu, na hayo tu yaweza kukumaliza wiki nzima.

Vyombo ni viwili. Cha kwanza ni cha kusukumia, na kizuri kuliko vyote hutoka kwenye kile kichuma chembamba kilichomo ndani ya mpira wa waipa ya gari. Kikunje ncha kwa koleo kama herufi L. Cha pili ni cha kuinulia: ubavu wa mwavuli, au spoki ya baiskeli iliyopigwa ikawa bapa, unene wa nusu milimita hivi, ncha ikiinuka kidogo. Ukiusugua chovya majini mara kwa mara, maana chuma kikipata moto mwingi hulegea na kupinda kama mkia wa mbuzi. Malizia kwa msasa. Mpwa wangu aliharibu mbavu nne kabla ya kupata moja ya maana.

Kosa lake la pili lilikuwa mkono mzito. Vijana hudhani kufuli hushindwa kwa nguvu. Mzee akamwambia asukume kama anayegusa jicho la mtoto. Akamfungulia kufuli kuukuu, akamwondolea pini zote isipokuwa jozi moja. Aliposhinda hiyo akaongezewa ya pili.

Wenzetu ng'ambo wamelifanya jambo hili mchezo kamili. Mjini Hamburg, Ujerumani, wapenzi wake walianzisha chama mwaka 1997. Na kabla yao, mwaka 1851, Mmarekani Alfred Charles Hobbs aliwashangaza watu wa London alipofungua kufuli la Chubb kwa dakika 25 hivi. Kisha akalikabili la Bramah, lililokuwa limewekwa dirishani mwa duka kwa miongo mingi na zawadi ya gini 200. Lilimchukua saa 51 katika siku 16. Waingereza walinuna, lakini watengenezaji wakalazimika kuunda makufuli bora.

Hapa kwetu, mzazi, usimwachie mtoto vichuma hivi atembee navyo. Kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinahusu anayekutwa na vyombo vya kuvunjia nyumba. Tena tunajua wenyewe jinsi umati wetu unavyofika kabla ya polisi. Vyombo vya mpwa wangu hukaa katika kopo jikoni kwa mamake. Hagusi kufuli lisilo lake, wala lile linalotumika mlangoni, kwa kuwa chuma kikivunjikia ndani mtalala nje nyote.

Kufikia sasa jozi tatu za pini anazishinda. Ya nne inamtoa jasho. Mama Mkubwa naye amenunua kufuli jipya, funguo mbili, mmoja ameuvaa shingoni. Wa pili hataki kusema uko wapi.